Kupitisha waya wa taa ndani ya fremu za alumini bila kupigwa shoti wala kuvujisha mvua

Taa zinazochora umbo la dirisha usiku zilianzia kwenye maghorofa ya ofisi, sasa zimeshuka hadi nyumba za kawaida. Mwenye nyumba wa Kigamboni au Nyali anataka mstari mwembamba wa mwanga kuzunguka dirisha la sebuleni, na hataki kuona waya hata mmoja. Fundi anagonga fremu, anasikia ndani kuna uwazi, anachukua drili. Kazi huanza kuharibika hapo, kwa sababu uwazi ule haukuachwa kwa ajili ya waya. Sehemu yake ni njia ya maji ya mvua, sehemu nyingine imejaa skrubu za kona, na kingo za ndani zina makali ya kuchuna plastiki ya waya bila wewe kusikia chochote.

Nitatumia mfano mmoja: dirisha la alumini lenye kioo kisichofunguka, upana mita 3, kimo mita 2.1, linalotazama nje. Taa zinapita juu na kwenye miimo miwili ya pembeni, chini hakuna. Ukishaelewa hili, mengine utayapanga mwenyewe.

Sharti la kwanza: umeme wa 230 hauingii kwenye fremu

Umeme wa nyumba, volti 230 Tanzania na 240 Kenya, unaishia kwenye draiva, kile kiboksi kinachougeuza kuwa volti ndogo za kuwasha LED. Kinachoingia kwenye fremu ni volti 24 za DC tu, umeme kama wa betri. Fremu ni kitu cha metali ambacho mtoto anakishika, dada wa kazi anakifuta kwa kitambaa chenye maji, na mvua inakilowesha. Waya wa 230 ukichunika humo, dirisha zima linakuwa laivu.

Kwa nini 24 na si 48? Kiwango cha kimataifa cha IEC 60364 kinaruhusu mkondo wa usalama wa volti ndogo uliotenganishwa kabisa na umeme wa nyumba, ule unaoandikwa SELV, usiwe na kinga ya ziada ya kuguswa hadi volti 60 za DC mahali pakavu, na hadi 30 penye unyevu. Dirisha la nje lina unyevu. Volti 24 iko ndani ya mpaka huo.

Jihadhari na ile mikanda ya LED inayouzwa kwa rola ndefu na plagi yake, unakata urefu unaotaka na kuchomeka moja kwa moja ukutani. Kariakoo imejaa, na bei yake inashawishi. Ile ni ya 220. Mahali ulipokata, ncha ya shaba ina umeme kamili, na kinachoizuia ni kikofia cha plastiki na tone la gundi. Itundike kwenye dari la mbao ukipenda. Kwenye fremu ya alumini au ya chuma usiiweke.

Upande wa 230, kuanzia kwenye breka hadi kwenye draiva, ni kazi ya fundi mwenye leseni: EWURA kwa Tanzania, EPRA kwa Kenya. Mkondo huo ulindwe na RCCB ya miliampia 30, ile breka inayojikata umeme unapovuja.

Jaribu mwanga kabla ya kugusa drili

Hatua hii inarukwa na karibu kila mtu, nayo ndiyo inayookoa pesa nyingi kuliko zote. Chukua mkanda wa LED wa volti 24 na draiva yoyote ndogo, subiri giza liingie, ubandike kwa selotepu ya karatasi pale unapodhani taa itakaa. Kisha toka nje, simama getini, halafu rudi ukae kwenye kochi.

Utaona jambo ambalo mchoro hauonyeshi: kioo usiku ni kama kimegeuka kioo cha kujitazamia. Mkanda ukielekea kwenye kioo, utahesabu vitone vya taa viwili viwili, na aliye ndani haoni tena bustani, anaona nukta. Geuza mkanda uangaze ukuta wa pembeni, lile pindo la plasta linalozunguka dirisha. Sentimita 2 au 3 za kusogeza zinabadilisha kila kitu. Jaribu pia rangi. Mwanga wa njano wa kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 3000 au 2700 unapendeza kwenye ukuta wa rangi ya krimu au jiwe la matumbawe, na unaita wadudu wachache kuliko ule mweupe wa buluu unaofanya nyumba ifanane na duka la dawa.

Kama dirisha linatazama ufuko ambao kasa hutaga, mfano Watamu au Mafia, mwanga wa kuelekea baharini usiuwashe kabisa msimu wa vitoto kutoka mchangani. Vitoto hufuata mwanga vikidhani ni bahari, vinaishia kwenye bustani ya hoteli. Pale panapolazimu taa, tumia rangi ya kaharabu na uielekeze chini.

Isome fremu

Mtafute fundi alumini aliyefunga dirisha. Akikuonyesha kipande cha masalia cha profaili ileile, yaani ule mwanzi wa alumini uliotengeneza fremu, umepata ramani. Tazama ncha yake iliyokatwa: utaona vyumba viwili au vitatu vilivyotenganishwa na kuta nyembamba. Chumba kilicho chini ya kioo, upande wa nje, ni cha maji. Mvua ikipenya kwenye raba ya kioo inashukia humo na kutoka kupitia vitundu virefu vilivyo chini ya fremu upande wa nje. Chumba kilicho upande wa ndani ya nyumba kwa kawaida ni kikavu, na hicho ndicho cha waya.

Usipopata kipande, tumia maji. Mimina kikombe taratibu kwenye ukingo wa nje wa kioo, uangalie yanatokea wapi. Yakitoka kwenye vitundu vya nje ndani ya dakika moja, umejua njia yake. Yasipotoka, vitundu vimezibwa na plasta au na sisimizi, na hiyo ni kazi ya kumaliza kwanza kabla ya kufikiria taa. Kamwe usizibe vitundu hivyo kwa silikoni eti unazuia maji yasifike kwenye waya. Ukifanya hivyo umetengeneza tangi.

Madirisha ya kuslaidi ni habari nyingine. Fremu yake ya juu na chini ni reli zilizo wazi, na jani linatembea juu yake. Hakuna chumba cha maana cha kupitishia waya, na waya hauwekwi kwenye jani linalotembea. Hapo usilazimishe. Nunua tyubu ya alumini ya milimita 25 kwa 25 yenye rangi ileile, izungushe pembeni ya fremu, waya upite humo. Kusema kweli, hata kwenye madirisha yasiyofunguka mara nyingi ningechagua tyubu ya pembeni. Inaonekana kama sehemu ya fremu, haigusi njia ya maji, na siku ya matengenezo unaifungua kwa bisbisi.

Madirisha ya chuma cha kuchomelea, yale ya bomba la mraba, yana shida yake: bomba la kulala na la kusimama yameungwa kwa welding bila tundu katikati, kwa hiyo kila kona ni ukuta, na ndani kuna vidonge vya welding vilivyo vikali. Kama unataka waya upite humo, mwambie fundi atoboe matundu ya kona na kuyapiga tupa kabla hajachomelea, apake rangi ya kuzuia kutu, halafu waya uingie mwisho kabisa. Akirudi kuchomelea grili baada ya waya kuingia, waya umeungua.

Hesabu

Mkanda wa wati 9.6 kwa mita unatosha kwa mwanga wa urembo. Urefu wetu ni 3 + 2.1 + 2.1, yaani mita 7.2. Zidisha: wati 69. Draiva usiipe zaidi ya asilimia 80 ya uwezo wake, hivyo 69 gawanya kwa 0.8 ni wati 86. Nunua ya wati 100.

Mkondo ni 69 ÷ 24, takriban ampia 2.9. Sasa umbali. Tuseme draiva iko kwenye dari na waya hadi katikati ya dirisha ni mita 8. Volti zinazopotea njiani ni mara mbili ya urefu, mara ampia, mara 0.0175 (ukinzani wa shaba), gawanya kwa unene wa waya katika milimita za mraba. Kwa waya wa 1.5:

2 × 8 × 2.9 × 0.0175 ÷ 1.5 = volti 0.54

Hiyo ni kama asilimia 2.3 ya 24, haionekani kwa macho. Ukitumia waya wa 0.75, hasara inafika volti 1.1. Ungetumia mkanda wa volti 12 kwa wati zilezile, ampia zinakuwa mara mbili, na hata kwa waya wa 1.5 ungepoteza asilimia 9. Ndiyo maana mikanda ya volti 12 iache kwenye makabati ya jikoni.

Hesabu hiyo ni ya waya peke yake. Mkanda nao una shaba nyembamba, na ukiulisha kutoka ncha moja kwa zaidi ya mita 5, ncha ya mbali inafifia. Mita 7.2 ni nyingi mno. Dawa ni kuleta umeme katikati ya kizingiti cha juu na kugawa mikono miwili ya mita 3.6, mmoja unashuka kushoto, mwingine kulia. Mwanga utakuwa sawa pande zote, na hata ukififia kidogo mwishoni, unafifia kwa ulinganifu.

Ukiwa na madirisha mengi, utashawishika kununua draiva moja kubwa ya wati 350. Hiyo inatoa zaidi ya ampia 14. Waya mwembamba wa tawi ukishika shoti, draiva huenda isione tatizo, ikaendelea kusukuma hadi plastiki iyeyuke ndani ya fremu. Weka fyuzi kwa kila tawi, au tumia draiva ndogo kwa kila dirisha. Mimi naona draiva ndogo ndogo ni bora. Moja ikifa, nyumba haizimi taa zote.

Draiva: ya aina gani na ikae wapi

Soma lebo. Tafuta herufi SELV, na alama ya mraba ndani ya mraba inayoonyesha insulesheni mara mbili. Kuna draiva za bei chee ambazo pato lake halijatenganishwa na umeme wa ukutani: mita inasoma 24 kati ya waya mwekundu na mweusi, lakini kati ya mweusi na ardhi unaweza kukuta volti nyingi za kutisha. Hiyo isikaribie dirisha.

Iweke ndani ya nyumba, panapofikika: juu ya dari karibu na mlango wa dari, au kwenye kabati la pazia. Isifunikwe na sponji wala kuzikwa kwenye plasta. Draiva ina joto, na umeme wetu unaokatika na kurudi kwa kishindo unaimaliza mapema. Utaibadilisha siku moja, hilo lipange tangu sasa. Swichi au fotoseli, ile inayowasha taa yenyewe giza likiingia, iwe upande wa 230, kabla ya draiva, ili taa zikizimwa na draiva ipumzike.

Kutoboa

Waya wetu unaingia kwenye kona ya juu upande wa ndani, unalala ndani ya chumba kikavu cha kizingiti cha juu kwa mita 1.5, unatokea katikati kwenda nje. Matundu ni mawili tu. Kila tundu la ziada ni mlango wa maji.

Pima mara mbili umbali kutoka kwenye ukingo wa kioo. Kioo kinaingia ndani ya fremu kuliko unavyokiona, na kama ni cha temper, kile kilichokazwa kwa joto, biti ikigusa ukingo wake haikwaruzi: kioo chote kinamwagika chini kwa mkupuo. Gundisha kipande cha mbao au zungushia biti selotepu ili isizame zaidi ya ukuta mmoja wa profaili. Anza na biti ya milimita 3, kisha panua hadi 12.

Sasa pitisha taratibu kijiti chenye pamba kwenye tundu. Utahisi kijiwembe cha alumini kimejikunja upande wa ndani, kule jicho lisikofika. Kisugue kwa tupa ya mviringo hadi pamba ipite bila kukwama. Ondoa vumbi la alumini kwa sumaku? Alumini haishikwi na sumaku. Tumia kipulizi au vacuum. Kisha vika pete ya raba kwenye tundu. Pete bila kusugua haitoshi, makali yataikata nayo. Kwenye dirisha la chuma, paka rangi kwenye kingo za tundu na uache ikauke kwanza.

Kuvuta

Tumia waya wa nyuzi nyingi wenye ganda la nje, core mbili. Usitumie waya mmoja mmoja wa ukutani. Pitisha kwanza waya wa kuvutia, ule wa plastiki ngumu. Wa chuma unakwaruza rangi na kukwama kwenye skrubu za kona. Funga ncha kwa selotepu iwe kama mshale, mmoja avute, mwingine asukume. Ukikwama, usitumie nguvu. Rudisha nyuma, zungusha, jaribu tena. Waya unaotoka na michirizi kwenye ganda utupe, hata kama ni mpya.

Kabla waya haujaingia kwenye tundu la nje, ushushe kidogo chini ya tundu kisha uupandishe. Matone yanayofuata waya yatadondokea kwenye kitumbo hicho badala ya kuingia ndani. Acha pia ulegevu kidogo kila kona. Fremu ya mita 3 ikipanda joto kwa nyuzi 30, alumini inarefuka takriban milimita 2, na fremu nyeusi inayopigwa na jua la alasiri inapanda zaidi ya hapo.

Kuna mafundi waliozoea magari, ambao hutaka kutumia fremu kama hasi, kama bodi ya gari. Usikubali. Mkondo wa DC pamoja na unyevu wa chumvi unakula alumini kwa kasi ya ajabu, na utaona unga mweupe kwenye skrubu. Pia hasi ya volti 24 usiiunganishe na waya wa ardhi. Iache ielee, ndiyo maana ya SELV.

Maungio, kona na silikoni

Ndani ya fremu kusiwe na kiungo hata kimoja. Maungio yote yawe kwenye boksi dogo linalofungulika au kwenye chaneli ya LED yenye kifuniko. Chomelea kwa risasi, vika mrija wa plastiki unaobana kwa joto, ule wenye gundi ndani. Shaba tupu isiguse alumini popote.

Mkanda unakatwa kwenye alama tu, na unapinda upande mmoja tu. Ukiulazimisha kukunja kona kwa ubavu, njia za shaba zinapasuka na taa zitaanza kupepesa. Kwenye kona kata, unganisha kwa vipande vifupi vya waya. Ulaze mkanda ndani ya chaneli ya alumini, maana chaneli inautolea joto, na usitegemee gundi ya mgongoni peke yake. Chini ya paa, mkanda wenye kiwango cha kuzuia maji cha IP65 unatosha. Mvua ya upepo ikipiga moja kwa moja, chukua IP67.

Silikoni nayo ina mtego. Fungua tyubu unuse. Ikinuka siki, iweke pembeni: asidi inayotoka wakati inakauka inakula shaba na viungo vya LED, na tatizo linajitokeza miezi baadaye ukiwa umeshalipwa. Nunua iliyoandikwa neutral, ile isiyonuka siki. Ziba tundu la waya tu, juu na pembeni. Vitundu vya maji tumeshavizungumza.

Mwambao wote, tumia skrubu za stainless daraja 316, zenye washa ya nailoni chini ya kichwa.

Kupima kabla ya kufunga kifuniko

Tenganisha waya na mkanda, na pia na draiva, kabisa. Weka mega, kile kipimo cha insulesheni, kwenye volti 250, shikanisha waya zote mbili pamoja, kisha pima kati yake na fremu tupu. Kwaruza rangi kidogo mahali pasipoonekana, la sivyo unapima rangi. Kiwango cha chini ni megaohm 0.5, lakini waya mpya usiochunika unasoma juu sana ya hapo. Ukipata megaohm 1 au 2, kuna mahali pameguswa. Vuta waya nje uangalie. Mega ikiwa na volti 500 tu, hiyo ni ya upande wa 230.

Kisha washa, acha saa moja, pima volti kwenye ncha ya mbali ya kila mkono. Gusa draiva na maungio: joto la kiganja kuvumilia ni sawa, la kukurudisha mkono si sawa. Mwisho, zima, mwagia dirisha maji kwa mpira wa bustani kwa dakika kumi, fungua boksi la maungio utie kidole kuona kama kuna unyevu.

Kabla kifuniko hakijarudi, piga picha njia nzima ya waya ukiwa umeweka tepu ya kupimia pembeni. Mtumie mama mwenye nyumba kwa WhatsApp, na nakala ya karatasi ibandike ndani ya mlango wa boksi la breka. Fundi wa mapazia atakuja, na wa nyavu za mbu atakuja, kila mmoja na drili yake na skrubu za inchi moja, na wote hupenda kutoboa kizingiti cha juu.